Toleo la visu 8, wanunuzi 240: utaratibu gani wa kuuza ni wa haki?

Makali_Mawili

Habari za majukumu wakuu. Naomba mwongozo kwa mnaouza au kununua visu vya kukusanya, hasa vya kukunja vinavyotengenezwa kwa mkono.

Karakana yangu ipo Marekani. Kila toleo ni visu 8: bapa la chuma cha MagnaCut, mbavu za titani, mpini wa mpingo, kila kisu na nambari yake. Bei ni dola 850, matoleo manne kwa mwaka. Kwenye orodha ya barua pepe kuna watu kama 240 wenye nia ya kununua kweli. Kwa sasa mzigo unaachiwa kwenye tovuti Ijumaa saa 6 mchana ya New York, anayewahi ndiye anayepata, na ndani ya dakika moja umekwisha. Kila toleo visu viwili au vitatu vinaonekana sokoni wiki hiyohiyo kwa dola 1,400.

Maswali yangu: droo, mnada, au orodha ya kusubiri? Nikipiga droo, aliyekosa atajuaje kwamba sikumpa rafiki yangu? Na walanguzi wanazuiwaje bila kuwaudhi wakusanyaji wa kweli?

---

Mpini_wa_Mpingo

Mkuu, anza kwa kuachana na huo mtindo wa anayewahi. Kwa watu 240 na visu 8 hauwezi kuwa wa haki hata ukiurekebisha vipi, na sababu ni za kiufundi. Tovuti nyingi za kuuzia hupunguza stoki mtu anapolipa, si anapotia kisu kikapuni. Kwa hiyo watu 60 wanakuwa na kisu kilekile kikapuni, kila mmoja anaamini amekipata. Mwenye kadi iliyohifadhiwa kwenye simu anamaliza kwa sekunde nne, anayeandika tarakimu 16 kwa mkono anaambiwa kimeisha. Boti, yaani programu ya kununua yenyewe, inamaliza kabla yao wote. Hapo unakuwa umepima vidole, wala hujapima nani anakipenda kisu.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Tovuti ikiuza zaidi ya stoki, utalazimika kurudisha pesa, na kampuni za malipo kama Stripe na PayPal hazirudishi ada yao muamala ukirejeshwa. Kwa kiwango cha 2.9% na senti 30, dola 850 inakatwa 24.95. Ukirudishia watu wanne umeliwa karibu dola mia bure.

Na masaa. Saa 6 mchana New York wakati wa kiangazi chao ni saa 1 usiku Dar na saa 2 usiku Muscat, lakini ni saa 7 usiku wa manane Tokyo, na wakusanyaji wa Japani si wachache. Wakirudisha saa nyuma Novemba, Dar inakuwa saa 2 usiku. Mwezi Machi ni vurugu: Marekani hubadili saa Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu mteja wa London aliyezoea muda fulani anachelewa saa nzima.

Kwa hiyo droo, na dirisha la kujiandikisha liwe na saa 72 ili usingizi wa mtu usiwe kigezo. Utaratibu unaosimama ni huu.

Jumatano unafungua fomu. Unauliza jina, barua pepe, nchi, anwani ya kupelekea mzigo, na mpangilio wa visu anavyovitaka kuanzia kinachompendeza zaidi (hili la mpangilio nitalirudia). Jumamosi saa 12:00 UTC (saa ya kimataifa) unafunga. Ndani ya saa sita unasafisha marudio, unampa kila aliyebaki nambari ya tiketi kuanzia 001, unamtumia kwa barua pepe, kisha unachapisha orodha ya tiketi hadharani ikiwa na herufi mbili za mwanzo za jina na nchi tu. Usichapishe barua pepe za watu.

Kusafisha marudio ndiko kwenye kazi. Gmail haijali nukta kwenye jina la sanduku, na inapuuza chochote kinachofuata alama ya kujumlisha, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kukuletea anwani kumi zote zinazoingia sanduku moja. Toa nukta na vipande vya baada ya + kabla ya kulinganisha. Halafu linganisha anwani za kupelekea mzigo: tiketi moja kwa nyumba moja. Angalizo hapa: wateja wengi wa nje hutumia maghala ya kupokelea mizigo yaliyopo Delaware au Oregon ambako hakuna kodi ya mauzo. Watu 15 watakuwa na mtaa na jengo lilelile ila nambari ya chumba tofauti. Ukiwafuta wote kwa pupa umewafukuza wateja halali wa Afrika na Ghuba. Tazama nambari ya chumba.

Usitoze chochote kuingia. Hata dola 5 "ya kuzuia boti" ni hatari, maana kwa sheria za Marekani malipo, bahati na zawadi vikikutana pamoja umeendesha bahati nasibu bila leseni. Droo ya haki ya kununua kwa bei kamili, isiyo na kiingilio, ni jambo tofauti kabisa. Kushikilia 850 kwenye kadi ya kila mtu nako sikushauri: uidhinishaji wa kadi kwa kawaida unakufa baada ya siku saba, na kwenye kadi ya benki ya kawaida pesa ya mtu inafungiwa kweli. Watu 232 wamekosa kisu na pesa zao za kodi ya nyumba zimekwama.

Mshindi anapewa saa 24 kulipa ankara. Asipolipa unashuka kwa anayefuata kwenye mpangilio, bila simu za kubembelezana.

---

Makali_Mawili

Shukrani mkuu. Swali la uthibitisho bado. Nikifanya kwenye Excel kwa RAND, ile fomula ya nambari nasibu, na kurekodi video haitoshi?

---

Mpini_wa_Mpingo

Haitoshi. RAND hujihesabu upya kila ukigusa seli yoyote, kwa hiyo mtu anaweza kurudia hadi jina analolitaka lipande juu, ndipo arekodi. Gurudumu la kuzungusha kwenye simu ni hivyohivyo. Video inaonyesha jaribio moja, haionyeshi yale ambayo hukurekodi. Si kwamba unatuhumiwa, ni kwamba hujampa mtu namna ya kukukagua.

Kinachotakiwa ni nambari ambayo wewe huwezi kuichagua wala kuijua mapema, itakayopatikana baada ya orodha kufungwa na kuchapishwa. Rahisi kueleweka na wateja wa Marekani ni matokeo ya bahati nasibu ya Powerball: mipira mitano ya kwanza (1 hadi 69) na mmoja mwekundu (1 hadi 26). Huchezeshwa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi saa 4:59 usiku ya New York. Wakati wa kiangazi chao hiyo ni Jumapili saa 11:59 alfajiri kwa Dar. Michanganyiko inazidi milioni 292, inatosha na kubaki. Anayependa ufundi zaidi atumie drand, ambayo hutoa nambari nasibu hadharani kila sekunde chache na kila raundi ina namba inayojulikana kabla. Unatangaza "tutatumia raundi fulani" na basi.

Hiyo nambari ndiyo mbegu. Sasa kwa kila tiketi unaunganisha mbegu na nambari ya tiketi, unapiga hashi ya SHA-256 (hesabu inayogeuza maandishi kuwa namba ndefu, na herufi moja ikibadilika namba yote inabadilika), kisha unapanga matokeo kuanzia dogo kwenda kubwa. Mwenye dogo kuliko yote ndiye wa kwanza. Kwenye Linux au Mac:

`printf '%s' "04-19-33-48-61-14-017" | shasum -a 256`

Hapo mbegu ni 04-19-33-48-61-14 na tiketi ni 017. Faida yake ni kwamba unapata mpangilio wa watu wote 240 kwa mkupuo mmoja, washindi na akiba, na mtu yeyote nyumbani kwake anaweza kupiga hashi ya tiketi yake na kuona inakaa wapi.

Mahali panapoharibika ni padogo padogo. Ukitumia echo badala ya printf, inaongeza mstari mpya mwishoni na hashi inakuwa nyingine kabisa, mteja atasema umedanganya. Excel ikifungua faili la orodha inageuza 017 kuwa 17, na hapo pia hashi inabadilika. Ukichapisha hashi ya faili zima kabla ya droo (fanya hivyo, ndiyo inayoonyesha hukuongeza mtu baadaye), usilifungue tena faili lile kwenye Excel ukahifadhi, hata kama hujagusa kitu. Weka nakala moja ya kusoma tu.

Kuhusu mpangilio wa visu: visu 8 havifanani. Kimoja kina mpingo wenye mchirizi wa kahawia, kingine nambari 1. Badala ya kuwapangia foleni ya kuchagua, ambapo kila mmoja unamsubiri saa sita, tumia mapendekezo waliyojaza kwenye fomu. Wa kwanza anapewa chaguo lake la kwanza. Wa pili anapewa la kwanza lililobaki, na kuendelea. Weka kisanduku cha "nipe chochote" na cha "nilivyovitaja tu, vinginevyo niruke". Bila hicho cha pili, watu watashinda kisu wasichokitaka na kukulipa kwa kinyongo au kukiuza kesho yake.

---

Chuma_na_Moto

Nakubaliana na ufundi wote hapo juu, ila mnatibu dalili. Tatizo ni pengo la bei.

Piga hesabu ya mlanguzi. Ananunua 850, anauza 1,400. Tuseme soko la mtandaoni linamkata 13%, hiyo ni 182, na posta 20. Anabaki na 348 kwa kazi ya kujaza fomu. Ukigawa kitu chenye faida ya dola 348 ndani yake kwa droo, watakuja watu wasiojua tofauti ya ala na mpini. Watakuja na shangazi zao. Ukiuza 1,100, kwa hesabu ileile anabaki na 98, na kisu kikishuka kidogo tu amekula hasara. Hapo fomu zako zitapungua zenyewe bila kufukuza mtu.

Sisemi upandishe hadi 1,400 kesho. Bei ya sokoni ya visu viwili vitatu si bei ya soko, ni bei ya watu wawili watatu waliokosa. Ungeleta visu 20 kwa 1,400 vingine vingelala. Njia ya salama ni kuuza kisu kimoja kwa kila toleo kwa mnada, kwenye tovuti yako, na kutumia bei hiyo kama kipimo. Mnada wa bahasha: kila mtu anaandika bei yake ya mwisho mara moja, wa juu anashinda, analipa bei ya wa pili. Zikija 1,500, 1,320 na 1,250, mshindi ni wa 1,500 na analipa 1,320. Kwa nini hivyo? Kwa sababu mtu anaandika thamani halisi anayoiona bila kuogopa kujipunja, na hakuna mchezo wa kusubiri sekunde ya mwisho. Ukiwa na visu vitatu vinavyofanana, wote watatu wanalipa bei ya aliyekosa wa kwanza, yaani ya nne kutoka juu.

Baada ya matoleo matatu utakuwa na namba tatu za kweli. Kama zote ziko juu ya 1,200, panda 850 kwenda 950, toleo linalofuata 1,050, ukitangaza mapema. Kinachowaudhi wakusanyaji ni kushtukizwa, bei yenyewe wanaizoea. Na pesa hiyo ni haki ya aliyesimama kwenye mashine ya kusaga, si ya aliyebonyeza kitufe.

---

Mpini_wa_Mpingo

Chuma, hesabu ni sahihi, ila kuna watu wanaonunua kisu kimoja kwa mwaka na wanakitumia. Ukiwasukuma wote kwenye mnada utabaki na wenye kabati za vioo tu, na hao ndio wa kwanza kuhamia kwa fundi mwingine mtindo ukibadilika. Kimoja kwa mnada sawa. Vyote, hapana.

---

Chuma_na_Moto

Sikusema vyote. Ila usiiite droo uhuru wa mnunuzi mdogo wakati nafasi yake humo ni 2.5%.

---

Mpini_wa_Mpingo

Hiyo 2.5% ndiyo inayofaa kujadiliwa. Tuseme kimoja ni cha mnada na kimoja umekitenga: visu 6 kwenye droo, watu 240. Mtu mwaminifu akiingia matoleo yote manne ya mwaka, uwezekano wa kupata hata kimoja ni kama 10%. Akivumilia miaka mitano, matoleo 20, bado ana 60% ya kutopata chochote. Droo isiyo na kumbukumbu inawachosha walewale unaotaka wabaki.

Suluhisho: kila aliyeingia akakosa anapata tiketi moja ya ziada toleo linalofuata, mwisho tiketi 5. Akishinda anarudi kwenye 1. Akishinda akakataa kulipa, anarudi kwenye 1 pia, la sivyo watu wataingia kila toleo kukusanya tiketi tu wakisubiri kisu cha ndoto. Kwenye hashi ni rahisi: mtu mwenye tiketi 3 ana nambari tatu, kila moja inapigwa hashi yake, na nafasi yake ni ile iliyo juu zaidi kwenye mpangilio; nyingine mbili unazipita.

Usiongeze tiketi kwa waliowahi kununua. Mafundi wengine hufanya hivyo wakidhani ni shukrani, matokeo yake visu vinazunguka kwa watu 30 walewale.

---

Nyundo_ya_Mchana

Naongezea kuhusu orodha ya kusubiri, kwa sababu hakuna aliyeigusa na ndiyo njia ya zamani kuliko zote kwenye visu. Bob Loveless wa Riverside, California, aliyefariki 2010, alikuwa na orodha ya kusubiri ya miaka. Ni njia ya haki kwa maana moja: aliyekuja kwanza anahudumiwa kwanza na hakuna bahati ndani yake. Ubaya wake unakuja taratibu. Bei uliyoahidi mwaka wa kwanza haitoshi kununua chuma mwaka wa tano. Mteja anabadili mawazo. Nafasi zenyewe zinaanza kuuzwa, mtu ananunua kisu kwa jina la mwenzake aliyejiandikisha kitambo. Na fundi akiugua au akifariki, wenye arbuni wanabaki wanahangaika na warithi.

Kama utaitumia: usichukue arbuni. Andika kwamba bei ni ile ya siku kisu kitakapokamilika, nafasi haihamishiki, na mtu akiitwa ana siku saba kujibu, akinyamaza anaondolewa. Fungua nafasi 12 tu kwa mara moja, zikijaa funga, hata watu wakililia.

Ukilazimika kuchukua arbuni, kumbuka mambo mawili. Marekani ina kanuni ya FTC, tume ya biashara ya serikali, kuhusu bidhaa zinazoagizwa kwa posta, simu au intaneti: usipotaja muda wa kutuma, unatakiwa kutuma ndani ya siku 30, na ukichelewa ni lazima umjulishe mteja na kumpa nafasi ya kurudishiwa pesa. Pili, mteja anayelipa kwa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko. Kisu kinachochukua miezi tisa kinamwacha bila kinga hiyo, na mkusanyaji anayejua hilo hatakupa arbuni. Hafanyi ujeuri, anajilinda.

Kwa maonyesho kama Blade Show ya Atlanta kila Juni, droo ya mezani bado ndiyo bora na haihitaji kompyuta. Kadi moja kwa mtu mmoja, sanduku la kioo wazi, muda umeandikwa kwenye kibao mezani. Anayechomoa kadi asiwe wewe wala mkeo, mwombe mtoto wa meza ya jirani. Mwenye jina awepo, analipa ndani ya dakika 10, akikosekana unachomoa nyingine. Kisu cha kwenye droo kikae mezani siku nzima watu wakishike, la sivyo wanaandika majina kwa kitu wasichokijua.

---

Forodha_Kimya

Kabla hujapiga droo, hakikisha mshindi anaweza kupokea. Fomu inauliza nchi, basi iulize kwa maana.

Mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Karibu jenasi yote ya Dalbergia iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2, 2017, na mafundi wengi wa mipini na ala za muziki waliteseka na vibali. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa iliyokamilika haihitaji kibali ikiwa uzito wa mbao hiyo hauzidi kilo 10 kwa shehena. Mpini wa kisu hauna shida. Ila vipande vya mpingo ambavyo havijachongwa, hata vidogo vya kuuza kwa wenzako, bado vinahitaji karatasi. Andika kwenye ankara jina la kisayansi la mti, afisa asiyejua atatafuta na kuridhika.

Ukija kutumia meno ya ngiri kwenye mpini, hayamo CITES, lakini ni mnyamapori: kuyaingiza au kuyatoa Marekani kibiashara kunahitaji tamko kwa Fish and Wildlife Service, idara yao ya wanyamapori. Pembe za ndovu achana nazo kabisa, hata za zamani.

Uingereza, sheria ya Offensive Weapons Act ya 2019 iliweka masharti ya uhakiki wa umri kwa kisu kilichonunuliwa mtandaoni na kupelekwa nyumbani kwa mtu. Tumia msafirishaji anayekubali visu na anayekagua kitambulisho mlangoni. Wapo wanaokataa visu moja kwa moja. Kisu cha kufyatuka kwa kitufe usitume huko kabisa. Chako, kama kinafunguka kwa kidole gumba tu, kitambulishe hivyo kwenye karatasi. Msimbo wa forodha wa visu visivyo na bapa la kudumu ni 8211.93. Ukiandika "kifaa cha jikoni" ili kukwepa, mzigo unazuiwa na bima haikulipi.

---

Jicho_la_Tatu

Kitu kimoja mnasahau: siku ya matokeo, akaunti feki za Instagram zenye picha yako na herufi moja ya ziada kwenye jina zinawaandikia watu wote waliotoa maoni, "hongera umeshinda, lipa hapa". Wanalipa kama marafiki na familia, ambako hakuna kinga. Andika kwenye fomu, kwenye barua ya tiketi na kwenye tovuti: ankara inatoka tovutini tu, hakuna anayeandikiwa inboksi. Na usitangaze washindi kwa majina ya akaunti zao, tangaza nambari za tiketi. Feki hajui 017 ni nani.

Kuhusu walanguzi: mkataba wa kuzuia kuuza tena ni mgumu kuutekeleza, mtu akishalipa kisu ni chake. Kinachofanya kazi ni daftari. Unajua nambari 5 ya toleo la tatu ilikwenda kwa nani, ukiiona sokoni wiki ya kwanza unajua. Andika kanuni moja: anayetaka kuuza ndani ya miezi 12 ananipa kwanza mimi kwa bei aliyolipa. Asiyefuata hashitakiwi, anatolewa kwenye droo zinazofuata. Ila uliza kabla ya kumfungia. Watu hupata msiba, hufukuzwa kazi, na kisu ndicho kitu cha kwanza kuuzika.

---

Makali_Mawili

Wakuu mmenifungua macho. Rasimu ya kanuni, nikosoeni:

"Visu 8. Kimoja ni mnada wa bahasha, mshindi analipa bei ya pili. Kimoja kinakaa kwa maonyesho. Sita ni droo, bei dola 950, hakuna kiingilio. Fomu inafunguliwa Jumatano saa 12, inafungwa Jumamosi saa 12. Nyumba moja mtu mmoja. Aliyekosa anaongezewa tiketi moja, mwisho tano. Orodha na hashi ya faili vinachapishwa siku hiyohiyo. Mbegu ni matokeo ya Powerball ya Jumamosi usiku. Washindi wanalipa ndani ya saa 24. Kisu kikirudishwa kinakwenda kwa wa akiba. Kuuza ndani ya miezi 12, nipewe kwanza kwa bei ya awali."

---

Nyundo_ya_Mchana

Hicho cha maonyesho taja tarehe na mji. Vinginevyo kitaonekana umekificha uvunguni.

---

Mpini_wa_Mpingo

Imekaa vizuri. Marekebisho.

"Saa 12" itakuletea kesi. Mteja wa Dar atasoma saa 12 jioni, wa New York mchana, wa Berlin hajui. Andika 12:00 UTC na pembeni weka miji minne.

Kisu kikirudishwa: weka ukomo, akiba inakufa baada ya siku 30. Baada ya hapo kisu kinaingia toleo linalofuata. Bila ukomo utajikuta unaandikia watu wa Machi mwezi Novemba.

Saa 24 za kulipa zianze ankara inapotumwa, na kama mshindi ni wa nchi ambayo benki zimefungwa siku hiyo, atajua mapema kwa sababu tarehe umeshaitaja. Usiongeze muda kwa mmoja, hata akiwa na sababu nzuri, maana wa saba, wa kwanza kwenye akiba, anahesabu.

Na Powerball: eleza mipira mitano ya kwanza ipangwe kuanzia ndogo kwenda kubwa, tarakimu mbili kila moja, wa mwekundu mwishoni, na namba ya Power Play (ya kuzidisha zawadi) isihesabiwe. Matokeo hutangazwa kwa mpangilio wa kutoka na pia kwa mpangilio wa ukubwa, ukiacha wazi kutakuwa na mbegu mbili na washindi wa aina mbili. Andika pia kwamba ni droo ya tarehe ile hata matokeo yakichelewa. Novemba 2022 yalichelewa hadi asubuhi iliyofuata kwa sababu ya ukaguzi wa usalama wa jimbo moja. Asiyekuwa na kanuni hiyo angelazimika kuamua mwenyewe usiku ule, na uamuzi wa usiku ule ndio ambao watu wangeutilia shaka.